Mbili Badala ya Tatu

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Kokoto ndoo sita tu leo. Mkono mzito. Mchana nilisinzia chini ya turubai, nikaota Land Rover ya vita vya Kagera. Nyeupe yote kwa vumbi – kama sie hapa machimboni Kunduchi. Rafiki yangu Eliaichi anaendesha, haangalii nyuma. Mie nesi wake, niko nyuma na majeruhi. Barabara haina mwisho, gari halina mlio. Tunaelea tu.
Nikaamka nagonga jiwe kwa ngumi. Zubeda, mgonga kokoto mwenzangu, kaniona, akauliza bibi unambishia nani hodi humo ndani. Wakacheka wote. Na mie nikacheka.

Jumatano, 6 Agosti
Lulu kapiga simu. Mpwa wake Eliaichi, ndo anamuuguza kule Tandika. Shangazi kapigwa kiharusi cha pili. Hasemi. Mkono wa kulia umekufa, wa kushoto bado unacheza kidogo. Daktari kasema akae tu nyumbani.
Nikauliza, anasikia? Anasikia, bibi.
Basi anasikia.

Alhamisi, 7 Agosti
Sijaenda kazini. Nimewaambia vumbi limenikaba. Uongo.
Niandike. Hata marehemu Kondo sikumwambia, na nimelala naye miaka thelathini.
Kwenye lile gari la wagonjwa nesi yuko nyuma, dereva mbele, katikati bati. Ukiita hasikii. Kwa hiyo tulikuwaga tunagonga bati. Moja – punguza, anaumia. Mbili – kimbiza. Tatu – hakuna haraka tena. Ukigonga tatu Eliaichi anatoa mguu kwenye mafuta, gari linakwenda taratibu kama watu wa mazikoni.
Siku ile tulimbeba Revelian. Mchumba wake, askari. Barua ya posa ilishajibiwa. Tumetoka Kyaka, hata mbali hatujafika, kanishika kidole. Kaachia. Kafa. Tuko wawili tu huko nyuma, mie na yeye. Nikakunja ngumi nigonge tatu. Zikatoka mbili. Ya tatu ikakataa.
Eliaichi akakimbiza! Mashimo, makorongo, hajali. Akipunguza kwenye kona nagonga mbili tena. Niliogopa gari likitulia. Saa nzima nakimbiza maiti.
Hospitali nikasema kafia getini.
Miaka arobaini na sita anasema neno lilelile – ningekaza mguu kidogo tu, Revelian angekuwa hai. Hakuolewa. Usukani hakushika tena.
Mie nasikiliza, nakunywa chai yake.

Ijumaa, 8 Agosti
Nane Nane, sikukuu. Machimbo kimya. Nimeota tena. Safari hii mie ndo naendesha, huko nyuma kunagongwa. Nahesabu. Naamka kabla sijamaliza.

Jumapili, 10 Agosti
Niko Tandika. Naandikia hapahapa, miguuni pa kitanda. Lulu kaenda kanisani, kaniachia uji nimnyweshe. Kasema nisimchoshe.
Kapungua, kama kitoto. Macho ndo yaleyale, ya kuangalia barabara. Pazia linapepea, chumba chote kinaelea kama kwenye ndoto. Nikataka kuondoka. Nikamnywesha vijiko vitatu. Nikamsogelea sikioni.
"Dereva, hukuchelewa. Alikufa palepale tulipotoka Kyaka. Ilikuwa nigonge tatu, nikagonga mbili."
Hakulia. Kafumba macho. Uji nikauweka chini. Umepoa, umeshika utando. Nikatoa daftari, maana mikono haina kazi.
Sasa hivi – mkono wa kushoto umetoka kwenye shuka. Kakunja ngumi. Anagonga ubao wa kitanda.
Moja.
Mbili.
Kafumbua macho, ananiangalia. Ngumi bado iko juu, nasubiri ya tatu.