Jeancy na Makontena Yaliyohesabiwa Mara Mbili

Albert Park,
Durban.
18 Agosti 2013

Mpendwa Dada Coletha,

Shikamoo. Habari za Kigoma? Na goti linaendeleaje, au bado unapanda ngazi za kanisa kwa kubishana nalo? Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo inatubana.

Dada, nikikuficha utanigundua tu: wivu unanila.

Unamkumbuka Jeancy, yule jirani Mkongo niliyemtafutia kazi ofisini kwetu? Anayevaa shati lililonyooshwa mpaka unaogopa kumgusa? Tunatengeneza tovuti ya kampuni ya malori yanayobeba makontena kutoka bandarini. Ukurasa wa kuonyesha kila mteja ana makontena mangapi niliuandika mimi. Ukurasa huo ulikuwa unavuta rekodi zote kutoka kwenye hifadhidata, kisha programu yangu ikazihesabu mojamoja. Bosi alikuwa anabonyeza, anakwenda kutengeneza chai, anarudi bado unazunguka. Jeancy akauandika upya: hifadhidata yenyewe ikusanye makontena ya kila mteja, ilete jumla tu. Ukibonyeza, tayari. Tangu hapo bosi hamalizi sentensi bila kumtaja, na cheo cha mkuu wa kitengo nilichokingoja miaka yote hii kikaanza kumwelekea yeye.

Wiki hii nikaona kosa lake. Kontena likipitia ghala la Mobeni kabla ya kufika kwa mteja, lina safari mbili za lori. Yeye alikuwa ameunganisha makontena na safari, kila safari ikahesabiwa kama kontena, kwa hiyo kontena moja likahesabiwa mara mbili. Ningeweza kumnong'oneza. Sikutaka. Nilisubiri kikao cha Ijumaa, bosi na wateja wamekaa, nikasimama nikaliweka hadharani. Nilifurahi, dada, nisikudanganye.

Jeancy akatazama skrini, akacheka. "Eish, kaka Japhet, iko kweli! Nilikosa. Merci sana." Akarekebisha palepale, kila kontena lihesabiwe mara moja, wateja wanaangalia. Kisha akawaambia kwa Kiingereza kwamba mimi ndiye niliyelinasa. Bosi akampa cheo kabla hatujatoka chumbani. Alisema anataka mtu anayejua kukosea namna ile.

Sasa ninalionea wivu hata kosa lake. Natamani lingekuwa langu.

Nisalimie shemeji Anaclet, mama mdogo Ernestina na Belinda. Mungu awafunike nyote, na barua hii usimsomee mtu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye bila wivu wowote,
Japhet