Ng'ombe wa Mama na Hisa za Eliudi

Victoria, siamini. Kaka Eliudi alimshawishi Mama auze ng'ombe wake wa pekee, akanunua hisa za kampuni ya programu za simu.

Mwezi uliopita alituonyesha kwenye simu: "Sasa zina thamani ya ng'ombe watano!"

Watano, Victoria! Tukamsihi auze. Akatucheka: "Ninyi mnakata mkungu kabla ndizi hazijakomaa."

Jana kampuni ilifungwa. Hisa hazina mnunuzi, hata wa kutuonea huruma.

Leo amepanda hadi Machame, nyumbani kwa Mama, na jani la isale, akampigia Mama magoti. Unajua, anayeomba msamaha kwa isale hakataliwi. Mama akalipokea.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini jani hili, baba, halikamuliwi."