Vifuko Saba vya Safari ya Mama

Bunia, Jumamosi. Mvua ilianza kabla ya alfajiri na hadi sasa haijatuonea huruma. Uani ni matope tupu, nguo hazikauki, na mimi sina hamu ya kusalimiwa na mtu.

Leo ndiyo siku tuliyopaswa kuondoka.

Saa tatu asubuhi ndege ndogo ya Entebbe ilipita juu ya nyumba zetu hapa mtaa wa Shari. Mama alikuwa anachambua maharagwe. Aliinua kichwa, akasikiliza mpaka mlio ukaisha, kisha akarudi kwenye maharagwe yake. Nami nikajifanya natafuta ufagio, na ufagio nilikuwa nao mkononi.

Niandike tangu mwanzo, maana nimechoka kulizungusha jambo hili kichwani.

Dada yangu mkubwa, Yaya Dorcas, yuko Kanada. Mama hajamwona kwa miaka kumi na minne. Karatasi yake ya ukimbizi inamruhusu kwenda mahali pengi, ila siyo nyumbani, na mwanasheria wake alimkataza hata kusogea Uganda mpaka apate uraia. Sisi nasi tuliomba viza ya kwenda kwake mara mbili, tukanyimwa mara mbili. Basi mwaka jana Dorcas akapata wazo. Kazi yake ni kutunza wazee, na kila majira ya baridi mabosi wake huenda kwenye kisiwa kimoja kidogo cha bahari ya Karibi, wanarudi wamebabuka pua na wana furaha ya kuudhi. Akachunguza, akakuta kisiwa hicho kinapokea pasipoti yetu bila viza. Mwezi mzima alitafuta njia ya ndege isiyopita kwenye nchi zinazodai karatasi hata ya kukaa uwanjani tu. Akaipata. Siku saba, hoteli ya ufukweni: yeye na mume wake kutoka huko, mama na mimi kutoka huku.

Nilimuuliza kwa nini hoteli ya kifahari hivyo, si tungepanga vyumba vya kawaida tu. Akanijibu kwamba mama amekimbia kijiji chetu cha Fataki mara tatu, na mara zote tatu amelala chini ya turubai. "Wiki moja tu," alisema, "nataka alale fasi yenye mutu mwingine anatandika kitanda."

Tulipanga kwa miezi sita. Pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, sanduku la kuazima lenye gurudumu moja zima na jingine kilema. Mimi hata nguo ya kuogelea nilinunua, kwenye mitumba, nikaificha chini ya godoro kama kitu cha wizi. Mama alizijua picha za hoteli kuliko mimi. Alitaka kuambiwa nani anafua mashuka yote yale meupe. Na Dorcas alimwahidi kwamba mkwe wake atavaa suruali ndefu siku zote saba, hata majini, maana mama alisema wazi kwamba yeye havuki bahari kwenda kuona mapaja ya mkwe.

Halafu likaja suala la chakula.

Hoteli ile ni ya aina unayolipia kila kitu kabla hujafika, kitanda, chakula na vinywaji, halafu unakula mpaka uchoke. Na aliyelipa sehemu kubwa alikuwa Olivier, mume wa Dorcas. Olivier ni mtu wa Butembo. Walikutana Kampala, wote wawili wakimbizi, wakafunga ndoa kanisani wakiwa na mashahidi wawili na hakuna mzazi hata mmoja. Mahari haikutolewa. Baba alikuwa ameshafariki, njia zilikuwa zimefungwa, nani angekwenda kudai? Sasa, kwetu sisi mama hali chakula cha mkwe kabla ng'ombe hawajaingia. Akila, watu watasema amemuuza mtoto wake kwa sahani ya wali. Nilidhani kwa umbali ule mama atasahau. Mama hasahau.

Wala hakugomba. Alifikiri kwa siku mbili, kisha akaniita.

"Chakula ya mukwe, miye hapana," alisema. "Lakini mutoto wangu nitamuona. Nitabeba chakula yangu."

Siku saba, vifuko saba. Alivishona kwa vipande vya vitenge vyake vya zamani, akisaidiwa na jirani yetu mwenye cherehani, Mama Jeannette. Ndani akatia unga wa mahindi yaliyokaangwa, ule wa kukoroga na maji, karanga, na samaki mkavu wa Kasenyi aliyevunjwavunjwa. Kila kifuko na kamba yake. Maji ya hoteli alikubali kunywa, kwa sababu maji ni ya Mungu. Akaniuliza pia kama nazi za kule zinaanguka zenyewe au zinachumwa na watu. Nikamwambia nyingine huanguka zenyewe.

"Yenye imeanguka yenyewe nitakula," akasema, na akaonekana ametulia kabisa.

Basi hapo mambo yalikuwa yamekwisha. Mama alijitafutia njia yake, hakumwaibisha mtu wala hakumdai mtu. Angekaa mezani katikati ya matajiri akifungua kifuko chake cha kitenge, Dorcas akiwa pembeni yake, na mimi nisingekuwa na la kuandika leo isipokuwa rangi ya maji.

Tatizo ni mdomo wangu.

Jumapili moja baada ya ibada nilipita kwa baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba. Nyumba ilijaa watu, wanakula, wanacheka, nami nikaona hapo pana nafasi ya kung'ara. Nikasimulia. Nikamwigiza mama akilegeza kamba ya kifuko mbele ya wahudumu waliovaa glavu nyeupe. Nikamwigiza Olivier baharini na suruali yake ndefu, akitembea kama bata. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Baba mdogo peke yake hakucheka.

"Alikamata mutoto yetu bure," alisema. "Sasa anataka kukamata na mama yake bure?"

Niseme ukweli wote, maana wanaosoma hapa hawanijui. Haukuwa utani mtupu. Nilikuwa nimechoka na amri za Dorcas: Neema tuma picha, Neema amka mapema ukapange foleni, Neema viatu hivyo hapana. Kila mara tulipokimbia Fataki, mimi ndiye niliyemshika mama mkono, lakini jina linalotajwa kwanza kwenye sala ya asubuhi ni la Dorcas. Nilitaka mara moja tu watu wamcheke yeye na mume wake. Nilipata nilichotaka, kwa dakika kama tano hivi.

Wiki hiyohiyo baba mdogo akaitisha kikao cha familia. Mama akaambiwa hapandi ndege mpaka ng'ombe waingie. Mjane habishani na ndugu za mume wake mbele ya watu. Aliinamisha kichwa tu. Baba mdogo mwenyewe akampigia Olivier simu. Kwao Butembo mahari ni mbuzi, na labda Olivier alitumaini hivyo, lakini kwetu mbuzi ni kitoweo. Olivier alisikiliza mpaka mwisho, akaomba radhi kwa kuchelewa. Kisha akaivunja safari kabla siku za kurudishiwa pesa hazijapita, na kisiwa chetu kikawa ng'ombe.

Baba mdogo aliwapeleka malishoni upande wa Fataki, kwa sababu alitaka walale kwenye zizi la baba yetu. Tulimwonya kwamba kule hakujatulia. Hawakumaliza wiki mbili. Watu wenye silaha walikuja mchana, wakawaswaga wote. Mchungaji alirudi na fimbo yake tu, na tulimshukuru Mungu kwamba yeye alirudi.

Kisiwa hakuna. Ng'ombe hakuna.

Na bado sijafika kwenye lile linaloniuma zaidi. Siku ya kile kikao, ambako hakuna aliyenitaja, tulipokuwa tunarudi nyumbani, mama aliniuliza ni nani aliyemwambia baba mdogo habari za vifuko. Nikasema, "Sijui, mama." Maneno mawili. Akatembea hatua chache, akasema basi ni Jeannette, kwani nani mwingine aliyejua?

Nami nikanyamaza.

Tangu siku ile mama hamsalimii Mama Jeannette. Miaka sita wameazimana chumvi na makaa, na sasa anapita mbele ya mlango wake kana kwamba pale hakai mtu. Mama Jeannette ameniuliza mara mbili amekosa nini. Mara zote mbili nimemjibu kwamba mama anaumwa kichwa. Watu husema ulimi huponza kichwa. Wangu umeponza vichwa vya wengine, changu kiko salama juu ya mabega yangu, kinakula na kulala.

Sasa leo. Saa kumi alasiri Dorcas alipiga simu ya video, kwao ikiwa asubuhi. Nilikuwa naiogopa simu hiyo tangu jana. Nikamkuta mama ameshaoga, amevaa kitenge kipya alichokishonesha kwa ajili ya safari, na mbele yake ameweka sahani na kifuko cha kwanza.

"Siye tuko mu kisiwa," alimwambia Dorcas, akimwashiria akae. "Ikala, tukule."

Dorcas alilia kwanza. Kisha akacheka, akaenda kuleta mkate wake. Dirishani nyuma yake theluji ilikuwa inaanguka, na huku kwetu mvua ilikuwa inapiga mabati hata ikabidi tupige kelele ili tusikilizane. Mama alikuwa anakigusa kioo cha simu kwa kidole, pale penye shavu la Dorcas, na kila akigusa picha inaganda. Ilibidi nimshike mkono. Hilo nalo liliniuma, kumzuia mama asimguse mtoto wake.

Mara Olivier akatokea. Alikuwa amevaa suruali ndefu, na akarudi nyuma hatua mbili ili mama aione vizuri. Halafu akapiga magoti.

"Mama, naomba leo tukule pamoja."

Mama aligeuza uso kama inavyompasa, akatazama ukuta. Nilijua anafikiria zizi lililo tupu, na nilijua kwamba akikataa hakuna wa kumlaumu ila mimi. Akasema, macho yakiwa bado ukutani:

"Ngombe iliingia. Yenye ilienda, ilienda mu mikono yetu, siyo yako. Kula, mutoto wangu."

Kabla ya hapo hakuwahi kumwita mtoto wake. Olivier akainama, akakaa hivyo mpaka Dorcas akamgusa bega. Wakala, mama unga na samaki wake, Olivier mkate na chai, mtandao ukikatika na kurudi. Kabla ya kuaga Olivier alisema wataanza kuweka pesa tena kidogokidogo, pengine baada ya miaka mitatu. Mama akaitikia vizuri. Ana miaka sabini na miwili na magoti yasiyomtii. Niliona Dorcas naye anapiga hesabu hiyohiyo.

Simu ilipozimwa nilikwenda jikoni nikalia, kisha nikarudi. Mama alikuwa anagawa chakula kilichobaki. Alitia sehemu kwenye bakuli, akafunika kwa kitambaa, akanikabidhi.

"Peleka kwa Jeannette. Mwambie nimemusamehe. Bila mudomo yake, mukwe hangekula na miye."

Nikatoka na bakuli mvuani. Si mbali, ni hatua thelathini, lakini nilitembea kama mtu anayepelekwa kituo cha polisi. Mama Jeannette alilipokea kwa mikono miwili. Alifurahi kiasi kwamba alisahau hata kunikaribisha ndani, akawa ananishika tu mkono pale mlangoni, mvua ikituloanisha sote.

"Mama amepona kichwa?" aliniuliza.

Nikasema amepona. Nikasema anamsalimia. Ule msamaha sikuutoa. Ningeutoaje? Kumwambia amesamehewa ni kumwambia kwamba alishtakiwa, na kumwambia kwamba alishtakiwa ni kumwonyesha nani alikaa kimya.

Niliporudi mama aliniuliza kama nimefikisha maneno yake. Nikasema ndiyo. Huo ni uongo wa pili kwa mama, na ulitoka kirahisi kuliko wa kwanza. Hapo ndipo nilipojiogopa.

Vifuko sita viko juu ya kabati, mbele ya macho yangu ninapoandika. Mama amesema tutakaa kisiwani kila siku saa kumi mpaka viishe. Kesho atafungua cha pili, Dorcas na Olivier wakiwa kwenye simu. Nitamwita Mama Jeannette aje aketi nasi. Kabla mama hajalegeza ile kamba nitasema mbele yao wote kwamba mdomo ule ulikuwa wangu.

Halafu mama ataamua kama na mimi nitakula.