Umri wa Jiwe Lako la Kusagia

Mama,

Majibu ya jiwe lako yametoka. Nilishika simu nikupigie, nikakumbuka. Ungepokea kwa kelele zako: "Enhe, sema, limesemaje?" Sasa nimpigie nani?

Unakumbuka siku ile nilipokuja Dimani na nyundo yangu ya chuo? Nikalizunguka jiwe, mkono hauendi. Bibi alilileta kutoka juu huko mtoni, kupita Mloka, maana kwetu kote ni tope na mchanga, hata jiwe la kumtupia kunguru hulipati. Ukaninyang'anya nyundo, ukaligonga pembeni, paa! Kipande kikaruka. "Chukua. Limesaga nafaka za watu maisha yake yote, na lenyewe likasagwe."

Na kweli tulilisaga, Mama. Jiwe lako ni itale, mwamba ulioganda kutoka uji wa moto chini ya ardhi. Ndani ya unga wake tukachambua vipunje vidogo, vigumu, vinavyotunza umri wa jiwe tangu siku lilipoganda. Yapata miaka milioni mia sita. Na jinsi madini yake yalivyochanganyika, inaonyesha lilizaliwa pale mabara mawili yalipogongana na kusukumana mpaka ardhi ikainuka ikawa milima mirefu. Najua ungeuliza, "Na hiyo milima iko wapi?" Imekwisha, Mama. Mvua imeila, mto umeibeba kidogo kidogo mpaka huku. Shamba lako la mpunga limetoka kwenye milima ya namna hiyo. Na wewe tumekulaza humo humo.

Ulipenda kunitania mbele ya wageni: "Huyu msomi wangu anajua umri wa mawe, wa mama yake hajui!" Mnacheka, nami nacheka. Kwenye kitambulisho walikukadiria tu. Mwenyewe ulisema umezaliwa mwaka wa mafuriko. Mafuriko yapi, Mama? Rufiji haikuanza jana kufurika! Nikikuuliza unajibu, "Yale makubwa," unaendelea kupepeta mchele wako.

Jana tumeliweka jiwe kichwani pako, kwa sababu vijiti vya kaburi vimeshaanza kulala. Mama Mdogo akaniambia niandike kwa rangi. Nikaandika jina lako. Nikaandika "Kuzaliwa". Nikabaki na brashi mkononi.

Mama, nililia. Nililia kuliko siku ya mazishi. Jiwe la watu nalijua lilivyozaliwa, wewe uliyenizaa sijui.

Mama Mdogo akanishika bega, akasema aliyekuwa akijua ni mama yao, na ameondoka na jibu lake. Nikamgeukia, nikamuuliza yeye kazaliwa lini. Akafuta machozi, akacheka kicheko chako kile kile: "Mimi? Yale yaliyofuata."

Sikumwacha aendelee kucheka, nikamtaka tukae tuhesabu. Kuanzia kesho nitakaa naye jikoni, anisimulie kila mafuriko anayoyakumbuka na aliyohadithiwa: nani alihamia juu ya dari, mpunga wa nani ulichukuliwa, wewe ulikuwa umeshaanza kutembea au bado. Nakuahidi, yeye hataondoka kabla sijamuuliza.

Ile tarehe ya kukadiria sikuiandika. Nafasi yako nimeiacha wazi.

Mwenyezi Mungu akupe kauli thabiti, Mama yangu. Nikiupata mwaka wako nitakuja na brashi. Nisipoupata, nitakuja hivyo hivyo.

Mwanao,
Zuhura