Pombe ya Baba Mkwe Haina Sumu

Mpendwa Bi Zuleha, naomba msaada maana mchumba wangu Esteri anakaribia kunitoka na kosa langu silioni. Mimi ni mzaliwa wa Kasulu, nafanya kazi Dar es Salaam kwenye maabara ya kemia, tunapima moshi wa viwanda na magari kujua hewa ya mjini imechafuka kiasi gani, na nilipopata likizo nilikwenda Kitahana kujitambulisha kwa baba yake, Mzee Tharsisi, naye akaweka mtungi wa pombe ya ndizi, akaonja kwanza mwenyewe kama ilivyo desturi, akanipa mrija, lakini kwa kuwa nimezoea kupima kila kitu sikunywa, nikachota kidogo nikatia kwenye chupa yangu ya maabara, wazee wakatazamana nami nikadhani wanastaajabia elimu. Likizo iliyofuata nikarudi, nikasimama mbele ya ukoo mzima nikawatangazia kwa furaha kwamba nimeipima pombe ya mzee na haina sumu. Mzee Tharsisi akamwambia mshenga wangu, "Huyu alikwenda kunishtaki, sasa amerudi kuniambia nimeshinda kesi. Mwondoe." Esteri analia, ila hawezi kumpinga baba yake. Nimekosa nini, nami nilimsifu?

Reverien, Dar es Salaam

Reverien mwanangu, pole, ingawa anayestahili pole zaidi ni mshenga wako. Baba wa watu alionja kwanza ili ujue hakuna baya mle ndani. Hicho ndicho kipimo, na kilifanyika mbele ya macho yako. Wewe ukatoa chupa. Kwa watu wa kwenu hapo umeshamwita mwenyeji wako mchawi anayelisha wageni sumu, na wale wazee hawakustaajabia elimu yoyote, waliona aibu kwa niaba yako.

Kinachonichekesha ni kwamba ubaya wa moshi wa Dar unaujua kuliko sisi sote, na bado kila asubuhi unauvuta bila kumwomba mwenye kiwanda aonje kwanza. Mimi pombe sinywi, dini yangu hairuhusu, lakini ningekuwa pale ningeupokea mrija kwa mikono miwili, nikashukuru, nikampa jirani.

Sasa sikiliza, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Usimweleze mzee kemia. Mwombe mama yako atengeneze pombe ya ndizi, uipeleke Kitahana pamoja na baba yako mdogo, na aseme yeye, kwa sababu wewe ukisema unaharibu. Onja kwanza wewe, wakuone ukimeza, kisha baba yako mdogo akuombee radhi. Wakikutoza mbuzi, toa mbuzi. Na mzee akikupa mrija, nyonya. Ukisita tena, ondoka kwa adabu, umwache Esteri aolewe na mtu mwenye kiu.