Kamyo Niliyoiita Kwenye Kilio Chako

Kijijini, Jumapili, baada ya misa

Mama,

Nakuandikia kwa sababu naona haya kuja kaburini. Njia ya kwenda kwako inapita mtoni, na siwezi kupita pale na maua mkononi kama mtoto mwema.

Nianze na habari za nyumbani, kwa mpangilio, kama ulivyonizoesha kila nilipofika kutoka kazini mjini Manika. Bati la jikoni nimelipigilia misumari. Kuku wako wanalelewa na jirani yako, Mama Ngoie. Wajukuu wamerudi shuleni, na yule mdogo bado anauliza utarudi lini. Hayo ndiyo mepesi. Sasa la mto.

Unakumbuka siku uliyokaa juu ya gogo? Kamyo, yale malori ya kuvuta vyoo vya makambi ya migodi, zilikuwa zimeanza kushuka hadi kwenye maji yetu kumwaga uchafu wao. Wewe na wamama wenzako mkasukuma gogo, mkalilaza katikati ya njia. Kamyo ilipofika, dereva akapiga honi. Ukakaa juu ya gogo na beseni lako, ukaanza kumenya mihogo. Akakuambia, "Mama, toka, mi niko na kazi." Ukamjibu bila kuinua kichwa, "Na mi niko na kazi, hauone? Ile mavi yako peleka kwa mama-mukwe wako, akupikie nayo bukari ya kula." Wamama walicheka mpaka dereva naye akacheka, akarudi kinyumenyume. Gogo likabaki pale. Mtoni, upande wa juu mliteka maji ya kunywa, chini kidogo mliloweka mihogo, chini zaidi mlifua. Hakuna aliyethubutu kuchanganya.

Mama, gogo lile nililitoa mimi.

Siku ya kukuzika, gari la jeneza lisingeweza kupita. Tulisukuma gogo kando, mimi na binamu zangu, na tuliporudi kutoka kuzika mmoja akauliza kama tulirudishe. Nikasema, acha kwanza, watu bado watakwenda na kurudi.

Watu walikuja wengi kuliko nilivyotazamia. Walilala uani, walilala barazani, wamama walipika usiku na mchana, na choo kikajaa. Binamu zangu wakashika majembe. Walitaka kufanya kama ulivyofanya siku zote: kuchimba shimo jipya mbali na maji, kulifukia la zamani kwa majivu na udongo, kupanda mgomba juu yake. Mimi nikakataa. Wakubwa wangu wa ofisini walikuwa wanatarajiwa, na niliona haya wakute watu wanachimba choo kwenye kilio cha mama yangu. Nikapiga simu mjini, ikaja kamyo. Dereva alipomaliza kuvuta aliniaga, nikamshukuru. Sikumuuliza anakwenda kumwaga wapi.

Jioni ile niliandika kwenye daftari langu, chini ya tarehe, kwa mwandiko safi: "Choo kimevutwa. Wageni wametulia." Siku hizi nikifungua daftari naruka ukurasa ule.

Nikarudi kazini Manika. Jumapili nilikuwa nakuja kuangalia nyumba, na kila nilipofika Mama Ngoie aliniletea bidoni ya maji. Nilikunywa. Niliwahi hata kumwambia kwamba maji ya huku ni matamu kuliko ya mjini. Akainama, akasema, "Kunywa, mwana." Niliona anachechemea. Nikadhani ni uzee.

Unajua desturi yetu: mwenye kilio hasemwi, hata akiwa amekosa, mpaka siku ya kuondoa kilio. Siku hiyo tulipika, tukasali, tukavua nguo za msiba. Watu walipoanza kuondoka, Mama Ngoie akaniita nyuma ya jiko, wamama wengine wamesimama naye.

"Sasa kilio kimeisha, tutakuambia," akasema. "Ile kamyo uliitaka, ilimwanga mu muto. Mihogo yetu yote tulitupa. Kisha badereva bengine bakaona njia iko wazi, bakaanza kuya nabo. Tulinyamaza juu ya kilio ya mama yako."

Ilikuwa mihogo waliyoiloweka kwa ajili ya kuwapikia wageni wako, Mama. Na maji niliyoyasifu walikuwa wakiyafuata kwenye chemchemi ya nyuma ya mlima, wanapanda na kushuka na bidoni kichwani, na moja wananiletea mimi. Laiti wangenitukana. Nikasema tu, "Asante." Asante! Mpaka leo neno hilo linanichoma.

Kesho yake nilirudisha gogo. Nilikuwa bado najifuta jasho kamyo ilipotokea. Dereva alikuwa yule yule. Alinitambua, akatoa kichwa dirishani akicheka. "Tata, si ni weye ulituitaka? Ni weye ulitufungulia njia! Leo umekuwa mwenye muto?"

Wewe ungemjibu papo hapo. Mimi nilikaa juu ya gogo nikaangalia viatu vyangu. Akapiga honi, akapiga tena. Nikasikia mtu anakaa pembeni yangu. Alikuwa Mama Ngoie, na beseni la mihogo mibichi. Hakunitazama. Alinipa kisu, tukaanza kumenya. Yeye alimenya, mimi nilijikata kidole. Wamama wengine wakaja mmoja mmoja, na mwisho kamyo ikarudi nyuma.

Sijui ilikwenda kumwaga wapi. Labda kwenye maji ya wengine. Hilo nalo linaninyima raha.

Mvua zimenyesha, mto unaonekana safi, harufu imepungua. Lakini mahali pa kuloweka bado ni patupu, na wamama bado wanapanda mlima. Sijawaambia warudi. Mimi nina mdomo gani wa kuwaambia?

Nimeanza kuchimba shimo jipya la choo, upande wa mlima, pale ulipokuwa ukitaka. Mikono ya karani imetoka malengelenge. Mama Ngoie akipita na bidoni yake husimama kunichungulia. "Chimba, karani, chimba! Siku moja batakulilia na weye." Anacheka, na mimi nashukuru kwamba ananicheka.

Nakuahidi hili, Mama: watakapokuja kunililia mimi, hapataitwa kamyo. Na siku nitakapoona beseni la Mama Ngoie limerudi kwenye maji yale, nitapita mtoni nije kwako, nikae, nikueleze haya kwa mdomo.

Kwa leo nakuaga kutoka hapa njiani. Gogo limerudi mahali pake. Nimelikalia.

Mwanao