Nilimtilia Kosa kwa Jibu Nisilolielewa

Bi Mwanatabu mpendwa,

Shikamoo. Naomba unisaidie, maana jambo hili nimejifungia nalo wiki mbili sasa, na hata mama nimeshindwa kumwambia.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne, wa hapa Bofu, Likoni, nasomesha kompyuta katika chuo kidogo chenye mashine mbili na wanafunzi kumi na tisa, na kwa kuwa mashine hazitoshi, kila mwanafunzi huandika programu yake kwenye daftari kwanza, mimi nikaisahihisha kwa kalamu nyekundu, na aliyepata vema ndiye hukaa mbele ya mashine. Mwaka huu mkuu wa chuo aliletewa disketi ya lugha iitwayo Lisp, akaniuliza kama naijua, nami nikajibu naijua, na wallahi nilikuwa sijapata kuiona. Nilichosomea mimi ni Basic, ambayo unaiamrisha mashine hatua kwa hatua, fanya hili, kisha hili, halafu rudi mstari wa ishirini, ilhali hii Lisp haitaki kuamrishwa hivyo, unaiandikia kanuni ndogondogo, kila kanuni inapewa kitu na kurudisha jibu, na jibu hilo hupewa kanuni nyingine, nami nikawa nasoma kurasa mbili za mwongozo asubuhi na kuzisomesha jioni kama mtu aliyezaliwa nazo.

Basi niliwapa zoezi la kuhesabu majina yaliyomo katika orodha. Kuna dada mmoja kutoka Machakos, nitamwita Nduku ingawa si jina lake, anafanya kazi kiwandani Changamwe na kuvuka feri kuja kusoma. Aliandika mistari minne tu: orodha ikiwa tupu, jibu ni sifuri; ikiwa si tupu, weka kando jina la kwanza, yahesabu yaliyobaki kwa kanuni hii hii, kisha ongeza moja. Nilitafuta mahali mashine inapoambiwa irudi nyuma, sikuona, nikatia kosa kubwa jekundu na kumwambia mbele ya wenzake, "Nduku, unaitumia kanuni ambayo hata hujamaliza kuiandika. Huko kwenu bara watu huhamia nyumba kabla haijajengwa?"

Wakacheka. Akasema polepole, "Mwalimu, si tuijaribu tu kwa mashine tuone?"

Nikamjibu kuwa mashine si ya kubahatishia.

Kesho yake nikiwa peke yangu niliiandika ile mistari kwenye mashine, nikitaka kuona itakavyokwama, nikaipa majina saba, ikajibu saba, nikaipa orodha tupu, ikajibu sifuri, nikakaa pale nimeona haya hata kwa mashine.

Mwisho wa mwezi napeleka alama kwa mkuu, na atakayeongoza ataajiriwa kunisaidia kusomesha, na kwa lile kosa Nduku ameshuka hadi wa tatu, tena haulizi maswali siku hizi, nikimsemesha hujibu tu, "Ndiyo, mwalimu." Je, nimrekebishie alama kimyakimya, au niache kazi niende kwa shangazi yangu Tanga?

Mwenye Haya, Bofu

*

Marahaba, mwanangu. Mimi kompyuta naijua kwa kuipangusa vumbi tu, lakini kalamu nyekundu naijua, nilisomesha darasa la nne miaka kumi na sita.

Kutojua si aibu. Kukosea kusahihisha pia si aibu, walimu wote tumekosea. Ninalokulaumu ni kwamba kesho yake tu uliujua ukweli, na bado ukamwacha binti wa watu wiki mbili akijiona mjinga. Mtu ametoka kazini, amesimama kutwa, amevuka maji kutafuta elimu, nawe unamcheka kwa ajili ya alikotoka. Hiyo haya yako ilikuwa wapi siku ile?

Kumrekebishia kimyakimya, hapana. Alama ya siri itakupumzisha wewe, na yeye atabaki akiamini alikosea. Ulimvunja mbele ya watu, utamjenga mbele ya watu. Na Tanga usiende, shangazi yako hajakukosea chochote.

Gazeti hili linatoka Jumapili. Jumatatu asubuhi mwone mkuu, umwambie kwamba alama ya Nduku umeiharibu wewe, na kwamba Lisp huijui, unajifunza. Akifoka, msikilize mpaka amalize. Akikuondoa, utakuwa umeondoka bila deni la uongo.

Jioni, darasa likijaa, mwite Nduku kwenye mashine aandike mistari yake kwa mkono wake, na wote waone jibu likitoka. Kisha sema, "Nduku alipata, mimi sikuelewa, na nimelijua hilo tangu kesho yake." Usipunguze neno. Wala usilie, maana ukilia itambidi yeye akubembeleze, na umeshamtwika ya kutosha.

Halafu mwombe awaeleze wenzake jinsi kanuni inavyoweza kutumika ndani yake yenyewe. Nawe keti kwenye benchi lao, fungua daftari, uandike anayoyasema.